Siku Samadi Ilipompokea Mgeni

Kabla ya kushika chaki nilikuwa mtu wa miti. Nilizunguka vijiji vya Dodoma nikiwaonyesha wakulima namna ya kufufua visiki: acha machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine kata, funga kitambaa ili mpita njia ajue hiki si kuni. Sasa fikiria mtu huyo anaajiriwa kufundisha sayansi sekondari, halafu kila wiki analiona lori la kuni likishusha mzigo jikoni kwa shule yake. Nikatangaza mbele ya walimu wenzangu kwamba tutapika kwa biogesi, yaani gesi ya samadi. Hakuna aliyeniuliza swali. Nilidhani wamekubali.

Mtambo wa majaribio ulikuwa pipa la plastiki la lita 200, lile lenye kifuniko cha bangili ya chuma. Bomba la kuingizia samadi, inchi 3, lilishuka hadi sentimita 20 kutoka kitako cha pipa. La kutolea samadi iliyotumika, inchi 2, nalo lilianzia ndani ya tope ili lisivujishe gesi, likatokeza ubavuni kwa kona, usawa wa sehemu nne kati ya tano za pipa. Juu kabisa koki ya nusu inchi, mpira, na tyubu ya trekta ya kuhifadhia gesi.

Mzee mwenye zizi jirani alitupokea kwa "Mbukwa!" ya uchangamfu. Alipoelewa kwamba tumefuata mavi ya ng'ombe, tena mabichi, akanivuta pembeni: "Mwalimu, mshahara haujatoka?"

Tulichanganya ndoo nne za samadi na ndoo nne za maji, lita 20 kila moja, zikabaki lita 40 za nafasi ya gesi. Maji ya bomba tuliyalaza kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue, kwa sababu klorini huua vijidudu vile vile unavyovitegemea vikutengenezee gesi. Hapo nilikuwa makini. Nilichosahau ni kuwaambia vijana wachambue mabua. Kiangazi ng'ombe wa huku hushinda kwenye mabua ya mtama, na kila chepe la zizini lina vipande vyake.

Siku ya sita tyubu ikavimba. Darasa zima likaja kushuhudia. Nikawasha kiberiti, nikafungua koki: njiti ikazimika. Ya pili ikazimika. Gesi ya mwanzo huwa kabonidayoksaidi kwa wingi, inatakiwa uiachie yote iende zake na usubiri kama wiki tatu hadi methani, ile gesi inayowaka, ishike usukani. Nililijua hilo, ila kabla sijafungua mdomo kijana mmoja wa kidato cha pili alishasema: "Mwalimu, tumegundua kizimamoto."

Wiki ya nne gesi iliwaka, moto wa buluu safi, nikatembea siku nzima kifua mbele. Mama mpishi yeye aliona nzi tu. Alilalamika mpaka nikaliziba bomba la kuingizia kwa kifuniko cha kuzungusha, nikakikaza barabara. Si neno, nikajiambia, bomba la kutolea lipo wazi.

Halikuwa wazi. Pipa lisipokorogwa, mabua huelea na kuganda juu kama utando wa uji. Mengine yalikuwa yameingia kwenye bomba la inchi 2 na kukwama pale kwenye kona.

Ndipo tukaambiwa kesho yake kuna mgeni wa elimu. Nikataka gesi ya kutosha kuchemsha chai mbele yake, na tyubu ilikuwa na kitobo. Jioni nikafunga koki ili gesi ijikusanye humo humo pipani. Hesabu zake nilizifanya baadaye: tope la namna ile linaweza kutoa lita 30 na ushee kwa usiku mmoja wenye joto, na nafasi ilikuwa lita 40. Presha ilikuwa imekaribia maradufu.

Mgeni alifika saa nne, kaunda suti ya rangi ya krimu, viatu vinang'aa. Pipa lilikuwa na shavu kama la mtu mwenye kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Nililiona. Nikadhani ni jua.

"Na samadi mnaiingizia wapi?" akauliza, akainama.

"Hapa, mheshimiwa," nikasema, nikazungusha kifuniko.

Kilipofika uzi wa mwisho kiliniponyoka mkononi. Gesi iliyokuwa juu ya tope ililikandamiza, na tope lilikuwa na njia moja tu: juu, kwa bomba la inchi 3, hadi kwenye kaunda suti. Lilitoka kwa pigo moja, halafu likajitapikia kidogo kidogo, kama linamalizia sentensi.

Kimya kikuu. Kisha sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, hii si ile presha ya kidato cha kwanza?"

Siku hizi bomba la kutolea ni la inchi 3, halina kona, na halizibwi hata nzi waje na ukoo wao. Kwenye mpira wa gesi nimeunga tawi ambalo ncha yake imezama sentimita 20 ndani ya chupa ya maji. Presha ikizidi hapo, gesi inatoka ikibubujika. Samadi inachambuliwa kwa mkono, na mchambuaji mkuu ni mimi.

Mgeni alioga kwa mwalimu wa zamu, akaazimwa suruali ya michezo, akasaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya maoni aliandika: "Mradi una msukumo mkubwa."