Sindano za Essendon: mzigo aubebe mchezaji au klabu?

Januari 12, 2016, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) iliwafungia wachezaji 34 kwa mpigo, miaka miwili kila mmoja. Wote walikuwa wamepita klabu moja. Kosa lilikuwa kutumia dawa iliyopigwa marufuku, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekutwa nayo mwilini alipopimwa.

Klabu yenyewe ni Essendon ya Melbourne, Australia. Mchezo wao si huu tunaoutazama Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya. Ni mpira wa Kiaustralia, wa mikono na miguu, mpira wenyewe una umbo la yai na kila upande una watu 18. Ukiyaweka hayo kando, mtu wa mpira wa Mbeya hatapata shida kuwatambua wahusika: kocha kipenzi cha mashabiki, mtaalamu aliyekuja na begi lake, daktari wa timu aliyesogezwa pembeni, na vijana wanaopigwa sindano bila kuuliza maswali mengi.

Mambo yalianza kuelekea msimu wa 2012. James Hird, nyota wa zamani wa klabu, alikuwa kocha, na timu ikawa imemleta mwanasayansi wa michezo, Stephen Dank, ili wachezaji wajengeke na wapone haraka baada ya mechi. Ulianza mpango wa virutubisho, sehemu kubwa ukiwa wa sindano. Daktari wa klabu, Bruce Reid, ambaye alikuwa hapo kwa miaka mingi, aliandika barua mapema kabisa akieleza kwamba hafurahishwi na kinachofanyika. Mpango uliendelea. Wachezaji walitia saini fomu za kukubali, na moja ya vitu vilivyoandikwa kwenye fomu hizo ni "Thymosin", basi. Thaimosini, protini ndogo zinazopatikana mwilini, ziko za aina zaidi ya moja, nyingine zinaruhusiwa, nyingine, kama thaimosini beta 4, ziko kwenye orodha ya marufuku ya Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni Duniani (WADA). Fomu haikusema ni ipi.

Februari 2013 klabu ilijipeleka yenyewe kwa wachunguzi. Ripoti ya Ziggy Switkowski, iliyoagizwa na klabu, ikaeleza mazingira ya majaribio ya dawa ambayo hayakudhibitiwa, hayakuhojiwa na hayakuwekewa kumbukumbu za kutosha. Agosti mwaka huohuo ligi iliitoza klabu faini ya dola milioni 2 za Australia, ikaiondoa kwenye hatua ya mtoano na kumfungia Hird miezi 12. Katika miezi hiyo Hird aliendelea kulipwa na klabu, akaenda Ufaransa kusoma mambo ya biashara. Hilo mtu alikumbuke tutakapofika kwenye adhabu za wachezaji.

Upande wa wachezaji ulikuwa na hoja nzito, na sipendi wanaoupuuza. Kwanza, ushahidi. Machi 31, 2015, baraza la ligi lililosikiliza shauri lao liliwaachia wote 34. Halikusema kwamba hapakuwa na sindano. Lilisema halikuridhika kwamba kilichokuwa ndani ya sindano hizo kilikuwa thaimosini beta 4. Dawa ilidaiwa kutoka kwa muuzaji China, ikapita kwa mfamasia Melbourne, ikafika kwa Dank, kisha kwa wachezaji, na kila hatua katika safari hiyo ilikuwa na pengo. Mashahidi wawili wakubwa walikataa kufika kutoa ushahidi, na mahakama ya jimbo la Victoria ikakataa kuwalazimisha. Kumbukumbu za klabu zilikuwa vipande vipande. Sasa, mtu anafungiwaje miaka miwili kwa karatasi zilizopotezwa na mwajiri wake?

Pili, mamlaka. Kijana wa miaka 20 amesajiliwa na klabu ya ndoto zake, kocha ni mtu ambaye alikuwa na picha yake ukutani, na anaambiwa kila kitu kimehakikiwa. Akikataa anapoteza namba. Wachezaji wa Essendon hata walifanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifikiria: walitaka waandikiwe, wakapata fomu zinazosema vinavyotumika vinaendana na kanuni. Mfanyakazi aliyekwenda hatua hiyo huwezi kumwita mzembe kirahisi.

WADA haikukubali, ikakata rufaa, na huko CAS mambo yakageuka. Mawakili wake walisema baraza la kwanza lilikosea kuutazama ushahidi kama mnyororo, ambao pete moja ikikatika umekwisha. Waliutaka utazamwe kama kamba iliyosokotwa: uzi mmoja mmoja ni dhaifu, ukizisokota zinabeba mzigo. Mawasiliano ya Dank, maelezo ya mfamasia, fomu zenyewe na maneno ya baadhi ya wachezaji, vyote viliwekwa pamoja. CAS ikaikubali njia hiyo.

Ila kilichonishawishi mimi zaidi ya kamba ni fomu nyingine kabisa, ile ya kupimwa. Mchezaji akichukuliwa kipimo, anakaa mezani na ofisa wa upimaji, chupa za mkojo ziko mbele yake, na anaulizwa aandike kila dawa na kila kirutubisho alichotumia siku za karibuni. Watu huandika vitamini, dawa ya mafua, hata vidonge vya kichwa. Wachezaji wa Essendon walipimwa mara kadhaa wakati mpango unaendelea, na hakuna aliyeandika sindano za thaimosini. Hakuna aliyekwenda kwa Dk. Reid kumuuliza, wala aliyewasiliana na mamlaka ya kupambana na dawa ya nchi yao, ingawa walikuwa wamefundishwa kwamba kila mmoja atawajibika kwa kilichomo mwilini mwake. Mtu mmoja akisahau, sawa. Timu nzima ikisahau kitu kilekile, majaji wana haki ya kushtuka.

Kwa hiyo, kwenye swali la hatia, naona CAS ilikuwa sahihi. Kanuni ya kwamba mchezaji anawajibika kwa kinachoingia mwilini mwake ni kali, lakini ukiilegeza kwa sababu "niliambiwa na klabu", umefungua mlango kwa kila klabu kuajiri mtu wa kubeba lawama. Mtaalamu atafungiwa (Dank alifungiwa maisha na ligi ya Australia mwaka 2015), timu itabaki na misuli na pointi zake.

Kwenye adhabu sikubaliani nao. Kanuni zilizokuwa zikitumika ziliruhusu miaka miwili ishuke hadi mmoja kwa mtu ambaye kosa lake si kubwa, na CAS ikasema hawa hawastahili. Fomu za kukubali, daraja la kijana mbele ya kocha, barua ya daktari iliyopuuzwa na viongozi: haya ndiyo hasa mazingira ambayo punguzo liliwekwa kwa ajili yake. Waliokuwa bado wanacheza walikosa msimu wote wa 2016. Essendon, wakiwa na wachezaji 12 waliofungiwa, walijaziliza kikosi na kumaliza mkiani. Nahodha Jobe Watson, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2012, aliirudisha medali yake, ikaenda kwa Trent Cotchin na Sam Mitchell. Weka hayo kwenye mizani na mwaka wa kocha kule Ufaransa.

Nimezungumza na watu wa mpira hapa jijini kuhusu kesi hii, na jibu ninalolipata ni kwamba hayo ni ya wenye hela. Sindano za maabara klabu zetu zitazinunulia wapi, wakati posho tu inachelewa? Ni kweli, thaimosini beta 4 hutaikuta soko la Mwanjelwa. Lakini nenda uone vinavyopatikana. Kuna kopo la unga wa kujenga misuli, kubwa kama ndoo ndogo, picha ya mtu mwenye kifua cha jiwe, lebo ya lugha ambayo muuzaji mwenyewe haisomi, na muhuri wa tarehe umefutika nusu. Muuzaji anakwambia limepita mpaka wa Tunduma, ni orijino. Kilichomo ndani hakijui yeye, hakijui mteja. Toka mwaka 2019 masuala ya chakula yalipohamishiwa Shirika la Viwango (TBS) na dawa zikabaki Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), bidhaa inayojiita chakula lakini inaahidi kazi ya dawa inakaa mpakani, na mpakani ndiko wajanja wanakopenda kukaa.

Tena haihitaji hata kopo. Tramadoli, ambayo wachezaji wengi wanaijua kama dawa ya maumivu tu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Furosemidi, dawa ya kawaida ya presha na ya kutoa maji mwilini, ndiyo iliyomponza kipa wa Kameruni, André Onana, mwaka 2021. Alieleza kwamba alimeza dawa ya mkewe kwa bahati mbaya, akafungiwa mwaka mzima, CAS ikapunguza hadi miezi tisa. Kolo Touré wa Ivory Coast alikaa nje miezi sita mwaka 2011 kwa vidonge vya mkewe vya kupunguza mwili. Hao walikuwa Ajax na Manchester City, klabu zenye madaktari wa kumwaga. Paul Pogba alipigwa miaka minne Februari 2024, CAS ikashusha hadi miezi 18 mwezi Oktoba, naye akilaumu kirutubisho alichoandikiwa na daktari Marekani.

Halafu kuna dripu. Timu imesafiri na basi usiku kucha kutoka Kanda ya Ziwa, wachezaji wamechoka, mtu anapendekeza wapigwe dripu la maji na vitamini hotelini ili waamke. Wengi wanaona ni huduma nzuri. Kanuni za WADA zinakataza kuingiza kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 katika saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali. Chupa ya kawaida ina mililita 500. Hata kama ndani ni maji na chumvi tu, kosa limeshafanyika.

Na nitataja lile ambalo watu hulisema kwa kicheko: kamati ya ufundi, ile isiyokaa kwenye benchi. Mchezaji anapewa kitu cha kunywa au cha kujipaka kabla ya mechi kubwa, kimetoka kwa mtaalamu wa kijijini, na hakuna anayethubutu kuuliza ni mizizi gani. Simtuhumu yeyote, na mizizi mingi huenda haina madhara yoyote kwenye kipimo. Ninachokiona ni tabia ileile ya Melbourne: kiongozi amesema, mtaalamu ameleta, kunywa. Tofauti ni kwamba wenzetu wale walipewa angalau karatasi ya kusaini.

Wapo watakaosema basi wachezaji wafundishwe. Wafundishwe, sipingi. Ila wale 34 walikuwa wamefundishwa, na darasa halikuwa na nguvu mbele ya kocha. Ningependa zaidi daktari wa timu apewe neno la mwisho kwa maandishi: hakuna kinachoingia mwilini mwa mchezaji bila saini yake, na kila kilichoingia kiandikwe kwenye daftari, jina, kiasi, tarehe na namba ya toleo. Klabu nyingi za ligi za chini zitasema hazina daktari wa kudumu, zina mchua misuli na sanduku la huduma ya kwanza. Daftari haligharimu kitu, na mchua misuli anajua kuandika.

Kinachobaki ni nani ashitakiwe daftari lisipokuwepo, na hapa Australia walifanya jambo ambalo halikuzungumzwa sana huku. Pembeni ya kesi za dawa, mamlaka ya usalama kazini ya Victoria iliipeleka Essendon mahakamani kama mwajiri, kwa kushindwa kuwapa wafanyakazi wake mahali salama pa kazi. Klabu ilikiri, ikatozwa dola 200,000 mapema 2016. Haikuhitajika kuthibitisha ni thaimosini ipi. Ilitosha kwamba klabu haikuweza kueleza iliwachoma vijana wake nini.

Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wa kuisimamia, OSHA, ambao tumezoea kuwaona viwandani na kwenye migodi. Sijui kwa nini uwanja wa mazoezi usihesabiwe mahali pa kazi wakati mchezaji ana mkataba na mshahara. Mbeya City ni mali ya halmashauri ya jiji, Tanzania Prisons ni ya Jeshi la Magereza. Hawa si wafadhili wa kutoweka msimu ukiisha. Ni waajiri wanaojulikana ofisi zao zilipo, wenye maofisa utumishi na wakaguzi wa hesabu. Mkaguzi anayeuliza risiti ya mafuta ya basi anaweza pia kuuliza daftari la dawa. Mchezaji aendelee kuwajibika kwa mwili wake kama CAS ilivyosema, lakini siku akiitwa kujieleza mbele ya kamati, ofisa wa klabu aliyeidhinisha sindano awe ameitwa wiki hiyohiyo, na adhabu zao ziwe za uzito unaofanana.