Kamera za Kampala zinatazama upande mmoja

Kabla kamera hazijafungwa kwenye njiapanda za Kampala, mji ulikuwa umezika watu mashuhuri mmoja baada ya mwingine. Mwendesha mashtaka Joan Kagezi alipigwa risasi jioni ya 30 Machi 2015 akiwa garini na watoto wake. Machi 2017 msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, alimiminiwa risasi pamoja na mlinzi na dereva wake, karibu na nyumbani kwake. Mwaka 2018 wakafuata mbunge Ibrahim Abiriga na afisa wa polisi Muhammad Kirumira. Wauaji walikuja kwa pikipiki na kuondoka kwa pikipiki, wakapotelea katika maelfu ya bodaboda za mji. Rais Museveni aliagiza kamera baada ya kifo cha Kaweesi, na mwaka 2019 polisi walithibitisha kwamba wamenunua kwa kampuni ya Kichina ya Huawei mfumo wa dola milioni 126, wenye uwezo wa kutambua sura za watu.

Naanza na vifo hivi makusudi. Sisi tunaozitilia shaka kamera hizi tuna mazoea ya kuviruka, tukakimbilia kuzungumzia China na mambo ya Xinjiang, jimbo ambako Waislamu wa Kiuighur hufuatiliwa kwa kamera, kana kwamba aliyeomba ulinzi Kampala alikuwa mjinga au kibaraka. Hakuwa hivyo. Mtu anayefunga duka lake Kikuubo saa mbili usiku ana haki ya kuuliza kwa nini muuaji apite mbele ya askari watatu na asijulikane.

Na teknolojia yenyewe si porojo. Kamera hunasa uso, programu hupima vipimo vyake na kuvigeuza kuwa mfululizo wa namba, kisha namba hizo hulinganishwa na za nyuso zilizomo kwenye orodha ya wanaotafutwa. Kazi ambayo askari angeifanya kwa wiki nzima huku akisugua macho humalizika kwa sekunde. Polisi wa London walitangaza Julai 2025 kwamba tangu mwanzo wa 2024 wamekamata watu zaidi ya 1,000 kwa njia hii, wakiwamo wabakaji na watu waliohukumiwa kwa makosa ya kingono waliokuwa wakivunja masharti waliyowekewa na mahakama. Delhi, mwaka 2018, ilitangazwa kwamba programu ya polisi ilipowekewa picha za watoto waliopotea na za watoto waliokuwa kwenye makao ya kulelea, watoto 2,930 walitambuliwa ndani ya siku nne. Mzazi aliyepotelewa na mtoto ukimwambia habari ya faragha, atakutazama tu.

Wapinzani wa kamera hupenda kujibu kwa habari ya makosa ya mashine, na makosa yapo kweli. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za aina hii na kutoa ripoti Desemba 2019. Katika programu nyingi, kosa la kumfananisha mtu na mtu mwingine lilitokea mara kumi hadi mara mia zaidi kwa makundi fulani ya watu kuliko mengine. Waliokosewa zaidi walikuwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Waliokosewa kidogo kabisa walikuwa wa Ulaya Mashariki. Baadhi ya programu zilizotengenezwa China, kwa upande wake, zilizitambua vizuri nyuso za Asia Mashariki. Yaani mashine huzijua nyuso ilizofundishwa nazo, na zetu hazikuwa nyingi darasani.

Kosa dogo nalo hukua likiwekwa penye umati. Tuseme programu hukosea mara moja tu katika kila watu elfu, na watu laki moja wanapita kwa siku mbele ya kamera ya kituo kikuu cha teksi. Hao ni watu mia kwa siku wanaopigiwa kengele bila kosa lolote, huku jambazi halisi labda hakupita kabisa. Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata baba mmoja mweusi mbele ya mkewe na binti zake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya. Programu ilikuwa imelinganisha picha hafifu ya kamera ya dukani na picha ya leseni yake ya zamani. Alikaa mahabusu karibu saa thelathini. Mwaka 2024 mji ulikubali kumlipa dola 300,000, na polisi wake wakazuiwa kumkamata mtu kwa ulinganisho wa sura peke yake.

Hata hivyo, sidhani makosa ndiyo kiini cha jambo hili, na nadhani wanaharakati wanafanya kosa la kimkakati kuyaweka mbele. Programu zinaboreka kila mwaka. Anayesema "tuzikatae kwa kuwa zinakosea" atakuwa hana la kusema siku zitakapoacha kukosea, na hiyo ndiyo siku ya kuogopa zaidi.

Muulize Nikolay Glukhin. Agosti 2019 Mrusi huyu alipanda treni ya chini ya ardhi Moscow akiwa na sanamu ya karatasi ngumu ya Konstantin Kotov, mwanaharakati aliyekuwa anashtakiwa kwa kuandamana. Hakupiga kelele wala kumzuia mtu njia. Polisi waliona picha zake mtandaoni, wakamtambua, na siku chache baadaye wakamkamata palepale kwenye treni. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliridhika kwamba utambuzi wa sura ulitumika. Alitozwa faini ya rubo 20,000 kwa kuandamana peke yake bila kutoa taarifa. Julai 2023 mahakama hiyo iliamua kwamba haki yake ya faragha na ya kujieleza ilivunjwa, lakini wakati huo Urusi haikuwa tena mwanachama wa mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya. Katika kesi hii mashine haikukosea hata kidogo. Mtu alikuwa ndiye, na kamera ilikuwa sahihi.

Delhi nako mambo hayakuishia kwa watoto. Machi 2020 waziri wa mambo ya ndani wa India, Amit Shah, aliliambia bunge kwamba watu zaidi ya 1,100 wametambuliwa kwa programu ya sura kufuatia ghasia za Februari kati ya Wahindu na Waislamu, kwa kutumia picha za vitambulisho vya mpigakura na leseni za udereva. Akajitetea kwamba programu haioni dini wala nguo, inaona uso tu. Ni kweli, lakini askari aliyeipa programu picha za kutafuta aliona vyote viwili. Na mwananchi aliyekwenda kupigwa picha ili apige kura hakuambiwa kwamba amejiandikisha pia kwenye daftari la washukiwa.

Sasa turudi Kampala. Tarehe 18 Novemba 2020 mgombea urais Bobi Wine alikamatwa Luuka. Maandamano yakalipuka, na katika siku mbili watu 54 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Polisi walisema wamekamata watu 836 na kwamba kamera zimewasaidia kuwafuatilia baadhi yao, na zinaendelea kuwasaidia kuwasaka waliobaki. Mfumo ulionunuliwa kwa jina la Kaweesi ulikuwa umepata kazi mpya. Hilo peke yake linaweza kutetewa: miongoni mwa waandamanaji walikuwapo waliochoma na waliopora, na uhalifu ni uhalifu.

Lakini wale 54? Wengi waliuawa kwa risasi, baadhi wakiwa wapita njia, katika mitaa ileile yenye kamera zilezile. Gari la polisi lililopita Kampala Road huku waliomo wakifyatua risasi lilifuatiliwa baadaye na BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, kwa kuunganisha video zilizopigwa na raia kwa simu zao. Raia mwenye simu yenye kioo kilichopasuka alitoa ushahidi ambao mfumo wa dola milioni 126 haukuutoa. Polisi hawakuitisha mkutano na waandishi wa habari kuonyesha nyuso za waliokuwa ndani ya gari.

Halafu zikaja droni. Si zile zinazoruka. Hilo ni jina walilolipa watu wa Kampala gari la HiAce, mara nyingi lisilo na namba za usajili, lililokuwa likiwazoa wafuasi wa upinzani kabla na baada ya uchaguzi wa Januari 2021. Familia zilizunguka kutoka kituo hadi kituo zikitafuta watu wao. Gari lisilo na namba linapita njiapanda baada ya njiapanda, katika mji ambao kila njiapanda ina jicho, na hakuna anayeulizwa. Juni mwaka huohuo Jenerali Katumba Wamala, waziri wa ujenzi na uchukuzi, aliposhambuliwa na watu wenye pikipiki, binti yake na dereva wake wakauawa, serikali ilijibu kwa mkataba na kampuni ya Kirusi wa kuweka vifaa vya kufuatilia katika namba za magari na pikipiki za nchi nzima. Mwenye namba akaongezewa jicho, asiye na namba akaachwa aendelee na safari.

Hapa ndipo mimi ninapotofautiana na namna mjadala huu unavyoendeshwa, kana kwamba ni mizani yenye usalama upande mmoja na faragha upande mwingine. Mizani hiyo inadhani kamera humtazama kila mtu sawasawa. Katika nchi zetu rekodi zake hutafutwa haraka sana mshukiwa anapokuwa raia, na huharibika, hupotea au husahaulika mshukiwa anapokuwa dola. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wakenya wameliona hilo katika kesi isiyohusu hata programu ya sura. Nairobi na Mombasa zilifungiwa kamera 1,800 chini ya mkataba wa polisi na Safaricom, vifaa vikitoka Huawei. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa hadi kituo kikuu cha polisi Nairobi, akafia mikononi mwao. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti wakasema alipigwa. Na kamera za kituo? Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, iliwaambia maseneta kwamba rekodi zake zilikuwa zimechezewa. Hizo ni kamera za kawaida za ukumbini, tena ndani ya jengo la polisi wenyewe.

Mtetezi wa serikali atasema sheria ipo. Ipo: Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Zisome mpaka kwenye misamaha. Zote tatu zinalegea pale yanapotajwa maneno "usalama wa taifa", yaani pale hasa kamera hizi zinapofanyia kazi. Sheria ya namna hiyo itamwajibisha mwenye hoteli aliyepiga picha wageni bila ruhusa, nayo ni kazi njema, lakini mlango wa chumba cha kamera za polisi haigongi.

Kwingine wamejaribu njia tofauti. San Francisco iliwapiga marufuku polisi wake kutumia teknolojia hii mwaka 2019. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, umekataza polisi kutambua sura papo hapo mahali pa umma, isipokuwa kwa kutafuta waliotekwa au kupotea, kuzuia shambulio la kigaidi au kumsaka mshukiwa wa uhalifu mkubwa, na kwa idhini ya hakimu au chombo huru. (Isipokuwa hizo ni pana kiasi cha kupitisha lori, lakini angalau zimeandikwa.) Uamuzi ninaouona wa maana zaidi ni wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza, Agosti 2020, katika kesi dhidi ya polisi wa South Wales. Majaji hawakuipiga marufuku kamera. Walisema askari ameachiwa uhuru mno wa kuamua nani aingizwe kwenye orodha na kamera iwekwe wapi, na kwamba polisi hawakuhakikisha ipasavyo kama programu ina upendeleo wa rangi au jinsia. Maswali hayo yanaweza kuulizwa Kampala kesho asubuhi.

Marufuku kamili siiungi mkono. Kumtafuta muuaji kwenye rekodi baada ya tukio, kwa amri ya hakimu na jina la kesi, sioni kama ni dhuluma. Kuuchuja umati wa mkutano wa kisiasa uso kwa uso, watu wakiwa bado wanaimba, ni dhuluma hata kama hakuna anayekamatwa, kwa sababu mkutano unaofuata utakuwa na watu wachache. Wanaosema asiye na hatia haogopi wajaribu kumweleza hivyo mtumishi wa umma aliyekwenda kumsikiliza mgombea wa upinzani.

Lakini Uingereza wala Ulaya hawajibu swali letu, maana wao wanahangaika na dola inayotazama kupita kiasi, na sisi tuna dola inayotazama kupita kiasi na kufumba macho kwa kuchagua. Kwetu mipaka ya nani atazamwe haitoshi. Rekodi zisihifadhiwe na polisi peke yao. Kila anayezifungua aache jina na saa, na familia ya aliyeuawa au kutekwa iwe na haki ya kumwendea hakimu na kudai picha za mtaa fulani, saa fulani, na polisi wanaosema zimefutika waeleze nani alizifuta. Serikali inayoamini kwamba kamera ni za usalama wa wote haina sababu ya kukataa sharti hilo. Kesi za kuanzia zipo: waliouawa Kampala tarehe 18 na 19 Novemba 2020 wana majina, na mitaa waliyoangukia inajulikana.