Ziara za Kirafiki Zisiwe za Upande Mmoja

Rotary, jumuiya ya kimataifa ya klabu za kujitolea iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris, ina mpango wa ziara za kirafiki ambapo wanachama wa nchi moja hukaa majumbani mwa wenzao wa nchi nyingine, kila mtu akijilipia nauli, kisha wenyeji nao huenda kuirudisha ziara hiyo. Nimewahi kupokea ugeni wa namna hiyo nyumbani Moshi, na sasa nimo katika klabu ndogo kaskazini mwa Uingereza. Kwa nilivyoona pande zote mbili, nusu ya pili ya mpango huu mara nyingi haifanyiki.

Moshi, mgeni ni wa ukoo mzima. Asubuhi shangazi anafika na mtori, majirani wanakuja kumsalimu, na ratiba ya klabu inavurugika kabla ya saa nne. Huku, mgeni hukabidhiwa ufunguo wa mlango wa mbele, taulo mbili zilizokunjwa kitandani na karatasi yenye saa za chakula, kisha huachwa ajitegemee. Wengi wetu huuita huo ubaridi, nami siafiki, kwa sababu kumpa ufunguo wa nyumba mtu uliyeonana naye jana ni imani ambayo kwetu, penye geti na mlinzi, ni adimu. (Mtori, hata hivyo, hauna mbadala.)

Kikwazo ni viza. Mwingereza anayekwenda Tanzania hujaza fomu mtandaoni, hulipa dola 50 na kuanza kufungasha. Mtanzania anayekuja huku hutoa alama za vidole, taarifa za benki na ushahidi kwamba ana kazi na familia vitakavyomrudisha nyumbani, tena hulipa ada ambayo hairudishwi hata akikataliwa. Matokeo yake, wanaofika ni wale wale wenye biashara kubwa na pasipoti zilizojaa mihuri, ilhali mwalimu au muuguzi aliyewapikia wageni hubaki mwenyeji wa kudumu.

Nasi wa nyumbani tuna letu. Mgeni hajamaliza chai, tayari anapelekwa kuonyeshwa kisima kinachohitaji pampu. Kwa hayo Rotary ina ruzuku za kimataifa, ambazo bajeti ya mradi huanzia dola 30,000 na lazima klabu za nchi mbili zishirikiane. Ziara ya kirafiki haikuwekwa kwa ajili ya kuombana fedha, na anayeombwa tangu siku ya kwanza hugeuka mfadhili, hata kama alikuja kutafuta rafiki.

Ningependa klabu za huku ziandike barua za mwaliko miezi mingi kabla ya safari, na kila zamu zimchangie nauli angalau mwanachama mmoja asiye na uwezo. Klabu iliyokwisha kukaribishwa Moshi, na bado haijapokea mtu yeyote kutoka huko, isiruhusiwe kutuma msafara wa pili.