Mheshimiwa Ana Minyoo

Jina la huyu mbwa msinilaumu mimi, walitoa watoto. Alivyoletwa tu nyumbani, kadogo, ana doa jeusi limeanzia shingoni mpaka kifuani utasema kavaa tai, anasinzia mchana kutwa, ila akisikia sufuria inafunuliwa anaamka na kuchangia hoja. Sasa mtoto aliyezaliwa na kukulia Dodoma ukimwambia ampe jina kiumbe wa hivyo unategemea aseme nini? Mheshimiwa. Hoja ikapita bila kupingwa.

Nikampigia dokta wa mifugo, akasema ana wiki nane, muda wa chanjo ya kwanza umefika, ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa, ya kichaa cha mbwa itasubiri afikishe miezi mitatu. Ila nimwandae kwanza. Nimzoeshe kushikwa masikio, makucha na mdomo asije akamng'ata mtu siku hiyo, nimzoeshe kukaa kwenye kikapu, na siku ya safari asiguse chakula masaa mawili matatu kabla asije akachafua gari. Halafu nibebe choo chake cha asubuhi hiyo hiyo kwenye kopo safi wakipime minyoo.

Watoto wakaligeuza mchezo. Kila jioni mmoja dokta, mmoja nesi, yule mdogo kazi yake kupokea hela, na hela kweli alikuwa anapokea na harudishi. Kikapu nacho Mheshimiwa akakizoea vizuri sana, akakila mshikio mmoja na kutoboa tundu ubavuni. Choo, kopo, kitenge cha kumfunika maana Juni Dodoma upepo una baridi mbaya, vyote tayari. Ambaye hakuandaliwa ni bibi yao, mama mkwe wangu, amekuja kutusalimia kutoka Mpwapwa na imani yake ni kwamba mtoto hasafirishwi na njaa. Alfajiri tukiwa tumelala akampa ugali wa uwele na mlenda, akashiba, akafutwa mdomo, ushahidi ukaondolewa.

Basi nikachukua bajaji Nkuhungu, kikapu chini miguuni kimefunikwa kitenge, tunaelekea mjini. Ni wakati wa bunge la bajeti, mji umejaa magari makubwa na suti, foleni mpaka basi. Simu ikaita, dokta.

"Haloo dokta, tuko njiani, Mheshimiwa ninaye hapa... Hapana, leo hajala kitu kabisa... Minyoo? Anayo, jana nimeiona kwa macho yangu... Choo chake nimekibeba, kipo kwenye kopo, bado cha moto... Hana shida dokta, siku hizi ukimshika makucha wala hang'ati."

Dogo wa bajaji akazima redio. Akaangalia kwenye kioo, akaniona mimi peke yangu. Akaangalia tena.

"Bosi," akasema taratibu, "samahani, huyo mheshimiwa ni wa jimbo gani?"

Nafungua mdomo nijibu, kikapu kikajibu chenyewe. Jamani mlenda. Mlenda wakati wa kuingia unateleza na wakati wa kutoka unateleza vile vile, ulipitia lile tundu ukaenda mpaka kwenye ndala za dogo, tukasimama pembeni tunafuta, ukifuta unakufuata, ukivuta kitambaa na wenyewe unavutika. Nikalipa nauli na elfu tano ya kuoshea bajaji. Dogo hakuongea neno, alikuwa anamwangalia Mheshimiwa tu, na Mheshimiwa anamwangalia yeye huku anatingisha mkia.

Kliniki nikampakata, maana dokta alishasema kabla chanjo hazijakamilika asikanyage chini wanakopita mbwa wengine, parvo inakaa kwenye udongo miezi na miezi. Pembeni yangu kakaa baba mmoja, suti ya kijivu, pini kifuani, ana mbwa mkubwa katulia kuliko wanangu. Watu wanaingia wanamwamkia yeye kwanza, shikamoo mheshimiwa, karibu mheshimiwa. Mimi nikaanza kutokwa jasho. Kopo langu lilishapokelewa, jina lilishaandikwa.

Mlango ukafunguliwa. Dada wa maabara na karatasi yake mkononi, sauti ya kuita abiria stendi.

"Mheshimiwa! Majibu ya choo tayari!"

Baba wa watu akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Dada hata hakuinua macho, "Minyoo ipo ya kutosha, Mheshimiwa aingie ndani apimwe joto, na aliyekuja naye amshikie mkia."

Kimya. Maana joto la mbwa linapimwa huko nyuma, na mule ndani wote walikuwa wanajua. Yule baba akakaa, taratibu, akafungua kile kifungo. Mimi nikainuka na mtoto wangu wa mbwa, nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ni huyu hapa." Bibi mmoja mwenye kuku kwenye tenga alicheka mpaka kuku wakaanza kulia.

Huko ndani Mheshimiwa alikuwa mpole balaa, masikio akatoa, mdomo akafungua, sindano hata hakuisikia, akapewa dawa ya minyoo akailamba na kuomba nyingine. Kazi ya watoto hiyo, sitaki kuwanyima sifa. Wakati natoka yule baba akaniuliza, "Na wewe kura ulimpa?" Nikasema kwetu alipita bila kupingwa.

Zikapita wiki kama tatu, siku ya dozi ya pili, nikaona bora nimtafute dogo yule yule maana keshamjua abiria wake. Nikafika kijiweni simwoni, nikapiga, kumbe nimesimama nyuma ya bajaji yake na simu kaining'iniza pale mbele inaita, herufi kubwa kabisa: MHESHIMIWA MINYOO.

Akageuka akaniona. "Bosi," akasema, "leo kala nini?"