Siku Moja ya Mapumziko, Isiyo na Posho

Afisa mpya wa rasilimali watu katika kiwanda chetu ni kijana mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu kila anaponiamkia "Shikamoo, mzee wangu" huwa ameshika karatasi ambayo nitatakiwa kuitia sahihi mara tu nikishaitikia marahaba. Safari hii karatasi ilikuwa tangazo. Alikuwa ametugawia dodoso, akayasoma majibu yetu, na akahitimisha kwamba wafanyakazi wa kusindika minofu ya sangara, kuanzia wakataji hadi sisi wa ghala, hatushirikiani inavyopasa. Mtu mwingine angefikiria kuongeza mshahara, au angalau kukitengeneza choo cha upande wa majokofu. Yeye aliamua kwamba tupelekwe Jinja, nchini Uganda, tukatupwe mtoni.

Tangazo lilisema ni safari ya siku moja ya michezo ya nje, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kwamba ndani ya saa hizo tutashuka Mto Nile kwa boti la mpira, tutapiga makasia katika vimtumbwi vya plastiki, tutaendesha pikipiki za magurudumu manne, na mwenye kupenda ataruka kutoka juu ya mnara akiwa amefungwa kamba miguuni. Mimi ni mtunza ghala, na mtunza ghala hapokei kitu kabla ya kukihesabu. Nikamuuliza afisa kwamba hiyo saa mbili asubuhi tutakuwa wapi. Akasema tutakuwa Jinja, kando ya mto. Nikamuuliza tutakuwa tumefikaje. Hapo ndipo alipoanza kuikunja karatasi.

Kutoka Mwanza hadi Jinja kwa barabara unapita Magu, Lamadi, Bunda na Tarime, unavuka mpaka Sirari, unaingia Kenya na kupita Migori na Kisumu, unavuka mpaka wa pili Busia, kisha unaendelea hadi Iganga ndipo unaitafuta Jinja. Kwa maneno mengine, siku moja ile ilikuwa na usiku wake wa kwenda na usiku wake wa kurudi, na ratiba haikuutaja hata mmoja. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa letu kwa mara ya kwanza akiwa huku Mwanza, mwezi Agosti 1858, na hakufika pale Jinja ambapo Mto Nile unatokea ziwani mpaka Julai 1862. Katika mwendo wa basi letu kulikuwa na saa kadhaa nilizoamini kwamba dereva amekusudia kuivunja rekodi hiyo kwa kuirefusha. Na Speke, tukumbuke, katikati alipata nafasi ya kurudi kwao Uingereza, jambo ambalo sisi hatukuruhusiwa.

Lakini umbali ningeuvumilia. Kilichonikaa kooni ni posho. Mfanyakazi akivuka mpaka wa nchi kwa amri ya mwajiri wake hupewa posho ya kujikimu, na akivuka mipaka miwili, akili ya kawaida inasema suala hilo lina uzito maradufu. Nilimwendea mhasibu nikiwa na fomu niliyoijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Akaniambia kwamba hii si safari ya kikazi, ni mapumziko, na mapumziko hayana posho. Nikamwambia basi kama ni mapumziko, mimi nachagua kupumzikia nyumbani. Akaniambia kwamba asiyekwenda atahesabiwa kuwa mtoro kazini. Nilirudi ghalani nikakaa juu ya katoni za vifungashio, nikajaribu kuielewa shughuli ambayo ni kazi kwa asiyekwenda na si kazi kwa aliyekwenda, na mpaka leo sijafanikiwa.

Mke wangu naye hakuelewa, ingawa kwa sababu zake mwenyewe. "Baba Kulwa," alisema, "unataka kwenda Uganda kupanda vilima na kulowana?" Lilikuwa swali la haki, kwa sababu sisi tunaishi Mabatini, juu kabisa, mahali ambapo nyumba zimejengwa juu ya majabali na mtu hafiki mlangoni kwake mpaka ameshika jiwe kwa mikono miwili. Maji yakikatika, ndoo hupandishwa kwa miguu. Gunia la mkaa hupanda kwa miguu, na fundi aliyeleta kabati letu aliomba nyongeza akiwa amefika nusu ya njia, tukampa, maana angeliachia. Na chini ya mtaa upo Mto Mirongo, ambao wakati wa kiangazi ni mfereji wa kuhurumiwa, lakini mvua kubwa ikinyesha hufurika ukabeba viatu, mabeseni na meza za mama lishe. Kwa hiyo michezo ya nje tunaicheza mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kutukodisha kofia.

Safari yenyewe nitaipita haraka, kama dereva alivyozipita sehemu zote tulizomwomba asimame. Sirari tulipanga foleni ya hati za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano, na fundi majokofu, aliyeiacha kadi yake Igoma, alipotea nyuma ya jengo moja kwa muda mrefu na kurudi akiwa na huzuni na pochi nyembamba. Busia ilikuwa usiku. Sina la kuongeza kuhusu Busia.

Kulipopambazuka tukaletwa mbele ya meza, na juu ya meza kulikuwa na fomu. Wenzangu waliweka sahihi huku wakipiga miayo. Mimi nilikaa nikaisoma yote, kwa sababu katika miaka yangu yote ya leja sijawahi kutia sahihi mzigo ambao sijaufungua, na nikagundua kwamba natakiwa kukiri ya kuwa mchezo huu unaweza kuniumiza au kuniua, ya kuwa nimelielewa hilo, na ya kuwa likitokea sitawadai. Nilimwita kijana wa mapokezi nikamuuliza kwa upole ni kwa namna gani yeye anadhani ningewadai. Akacheka. Afisa wetu akaja akasema, "Mzee wangu, ni utaratibu tu." Nikatia sahihi, ila pembeni niliandika "bila posho", ili kama lolote litatokea, mazingira yake yajulikane.

Tukavikwa jaketi okozi na kofia ngumu, tukapewa kasia kila mmoja. Jaketi langu lilikazwa mikanda na vijana wawili, mmoja akivuta na mwingine akinisihi nitoe pumzi. Kiongozi wa boti letu, kijana mwenye mabega mapana aliyejifunzia Kiswahili Nairobi, alituketisha kwenye kingo za boti na kutueleza kwamba maji ya kasi hupangwa kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea tu. La sita, ambalo kwenye maporomoko ya Itanda lipo, ni yale ambayo hata wao wenyewe hulibeba boti, wakayazunguka kwa nchi kavu. Sisi, alisema kwa furaha, tutafika mpaka la tano. Nilinyanyua mkono nikauliza kama nchi kavu hiyo haifiki kwenye daraja la tano. Alidhani natania.

Tulianzia chini ya bwawa la Bujagali, ambalo lilipokamilika mwaka 2012 lilikuwa limekwisha kuyafunika maporomoko ya jina hilohilo, na nakiri kwamba nilipoambiwa kuna maporomoko ambayo hayapo tena niliyafikiria kwa mapenzi makubwa. Kwenye maji tulivu tulifundishwa amri: piga mbele, piga nyuma, shika kamba, inama ndani. Tulifundishwa pia kwamba ukianguka ulale chali, miguu itangulie unakoelekea mto, na usijaribu kusimama, maana mguu unaweza kunasa kwenye mwamba. Halafu, ili tuzoee, kijana yule akalipindua boti makusudi. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo mteja humwagwa kwa majaribio kabla ya kumwagwa rasmi.

Kumwagwa rasmi kulikuja baadaye kidogo, na hapa naomba nisimame, kwa sababu ndipo ule ushirikiano tuliofuata ulipojidhihirisha. Boti lilipanda wimbi, likasita juu, na likageuka upande wa mhasibu, ambaye ni mtu mzito kwa mwili na kwa maamuzi. Alipokuwa akianguka alinishika jaketi kwa mikono yote miwili, kwa nguvu ambayo hajawahi kuishikia hati yangu hata moja ya madai. Tulizama pamoja. Chini kule, ambako hapakuwa na mwanga wala cheo, nilihisi mguu wake ukinikanyaga begani ukitafuta pa kupandia, na nilipoibuka nilimsikia akiita jina langu kwa sauti ya mtu anayeahidi mambo. Mkataji minofu mmoja, binti ambaye hakuandika neno hata moja kwenye dodoso, ndiye aliyetushika kola akatuvuta mpaka kwenye kamba ya boti. Afisa wa rasilimali watu hakuyaona hayo, kwa kuwa alikuwa amebaki ukingoni na kamera, akisema lazima awepo mtu wa kuandaa taarifa.

Niliyameza maji mengi, na jambo lililonichukiza kuliko kuyameza ni kwamba niliyatambua. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na mlango mmoja tu wa kutokea mto, nao ni hapo Jinja. Kwa hiyo kila kitu ambacho Mirongo umekibeba kutoka mtaani kwetu na kukimwaga ziwani kina njia moja tu ya kuelekea baharini, na mimi nilikuwa nimesafirishwa usiku kucha, kupitia nchi tatu, ili nikakae mdomo wazi kwenye njia hiyo. Mtaalamu wetu wa maabara alinipinga. Alisema sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayolinyeshea ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka hupanda juu kuwa mvuke, hivyo ni sehemu ndogo tu inayopita Jinja. Nikamjibu kwamba hiyo sehemu ndogo ndiyo niliyoimeza.

Huyohuyo mtaalamu, kwa nia njema, ndiye aliyeleta habari za kichocho tulipokuwa tukila vipande vya nanasi na biskuti katikati ya mto, chakula ambacho mwenyeji alikitoa kwa fahari na ambacho kwetu hupewa mgonjwa. Alieleza kwamba konokono wanaobeba ugonjwa huo hupenda zaidi maji tulivu yenye majani, kwamba vimelea hupenya ngozi, na kwamba baada ya wiki kadhaa ni busara kupima na kunywa prazikwanteli. Dawa hiyo naijua, maana watoto wa shule huku kandokando ya ziwa hugawiwa, na kipimo chake hukadiriwa kwa kumsimamisha mtoto kwenye fimbo ya kupimia urefu. Kwa urefu wangu, fimbo hiyo ingenipa vidonge vya mvulana wa darasa la sita, na kwa kiuno changu ingekuwa dhuluma.

Mchana tulipewa pikipiki za magurudumu manne, na kwa kuwa mimi hupandishwa Mabatini kwa bodaboda kila jioni, zile za kwao zilinipa usingizi. Mnara wa kurukia, ambao una urefu wa zaidi ya mita 40 kutoka mtoni, niliutazama kutoka chini nikiwa nimekaa. Fundi majokofu aliruka, nadhani kwa sababu ya kilichompata Sirari.

Tuliporudi, yalifuata matokeo. Siku zile zimekatwa kwenye likizo zetu za mwaka, kwa hoja kwamba tulipumzika. Taarifa ya afisa imebandikwa ubaoni ikiwa na picha, na mimi ninaonekana kwenye moja: ni ule mkono unaotokeza majini upande wa kushoto. Nami nimewasilisha dai la raba yangu ya mguu wa kulia, iliyovuliwa na mto katika ajali niliyoieleza, nikaambatanisha maelezo kwamba kitu hicho kwa sasa kimenasa kwenye bwawa la Isimba, au kama kimepita, kinaelekea Ziwa Kyoga na kisha Karuma, hivyo hakuna matumaini ya kukipata kabla ya kufunga hesabu za mwaka.

Mhasibu, ambaye ahadi zake zote alizozitoa majini zimekauka pamoja na nguo zake, amelirudisha dai hilo akiandika kwa wino mwekundu kwamba kiatu kimoja hakiwezi kuthaminiwa mpaka cha pili kiwasilishwe kama kielelezo. Nimekiwasilisha. Utaratibu unataka kila kielelezo kihifadhiwe ghalani, kwa hiyo nimekipokea mwenyewe, nimekikagua, nimekiingiza kwenye leja na kukitia sahihi, na Jumatatu afisa akija na shikamoo yake nitamwomba anijazie fomu ya kuomba kukivaa.