Majina ya Tovuti Yaliyolala

Umepata jina la biashara, limekukaa vizuri mdomoni, unakwenda kulisajili likiwa na .com. Limeshachukuliwa. Unalifungua umwone aliyekuwahi: matangazo mawili matatu ya bima na mikopo, na juu yake maandishi kwamba jina linauzwa. Hakuna duka wala ofisi. Ni rahisi kumwita mwenye jina mlanguzi na yakaisha, ila wanaokaa na majina hawana sababu moja.

Tuanze na mlanguzi mwenyewe. Hadi 1995 kusajili kikoa, yaani jina la tovuti kama hilo la .com, kulikuwa bure. Mwaka huo ikaja ada ya dola 50 kwa mwaka. Leo bei ya jumla ya .com inazunguka dola 10. Mwenye majina 100 analipa elfu moja na ushei kwa mwaka, na akiuza moja tu kwa 3,000 ameshafidia yote. Yale 99 hayamdai chakula. Kisha anasikia kwamba mwaka 2019 MicroStrategy, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, iliuza Voice.com kwa dola milioni 30, basi anazidi kulipia majina ambayo hakuna atakayeyaulizia.

Benki nayo hununua jina lake lililokosewa herufi moja, kwa kuwa isipolichukua, tapeli atalichukua, aweke ukurasa unaofanana na wake na kukusanya nywila za wateja. Jina la aina hiyo faida yake ni kulala. Na wapo waliosajili jina la mradi ambao mtaji wake haujapatikana. Hao sina la kuwalaumu.

Ubaya unaanza pale jina linapokuwa la mwingine. Mwaka 1999 mtu mmoja alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku chache baadaye akataka kuwauzia World Wrestling Federation, kampuni ya mieleka yenye jina hilo, kwa dola 1,000. Likawa shauri la kwanza kuamuliwa chini ya utaratibu wa migogoro ya vikoa wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, na akanyang'anywa. Mwaka 2000 likaja la telstra.org, jina la kampuni ya simu ya Australia, ambalo aliyelisajili hakuwa ameliwekea kitu. Msuluhishi wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu linaloamua mashauri hayo, akasema kukalia kimya jina maarufu la mwingine kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kulitumia kwa nia mbaya. Ila umaarufu hautoshi peke yake: Uzi Nissan wa North Carolina alisajili nissan.com mwaka 1994, jina la ukoo wake, akalitumia kwa biashara ya kompyuta. Kampuni ya magari ilimshtaki 1999, kesi ikaburuzwa miaka, na jina likabaki kwake.

Utaratibu huo, hata hivyo, unamlinda mwenye alama ya biashara. Fundi cherehani asiyesajili alama yoyote hana pa kushika. Hata mwenye alama, kufungua shauri WIPO kunaanzia dola 1,500. Muuzaji anayekutajia 1,200 hakukisia.

Dawa ipo kwa anayeitaka. Norwei imeweka kikomo: mtu binafsi vikoa 5 moja kwa moja chini ya .no, shirika 100. Kikomo hicho hakimgusi mwenye ndoto ya duka wala benki inayojikinga. Kinamgusa mwenye ghala la majina. Kwa .com sitarajii kitu kama hicho. Verisign, inayoiendesha, hulipwa kwa kila jina kila mwaka, na jina lililolala linalipa sawasawa na lenye duka.