Nusu ya Asilimia ya Michaela Coel

Kila anapotajwa Michaela Coel, mwigizaji wa Uingereza aliyegeuka mwandishi, mazungumzo hayachelewi kuangukia kwenye dola milioni moja. Mwaka 2017 Netflix walimwekea kiasi hicho mezani kwa tamthilia ambayo baadaye tuliijua kama I May Destroy You. Akakataa. Wapo wanaosema sifa zilimlevya: binti wa wazazi wa Ghana, aliyekulia kwenye nyumba za halmashauri jijini London, anapata wapi jeuri ya kuisukuma milioni? Si swali la kipuuzi. Tatizo ni kwamba wengi wanaoliuliza macho yao yameganda kwenye hiyo milioni, hawajaangalia yeye aliomba nini.

Aliomba abakiziwe kipande cha hakimiliki ya kazi yake mwenyewe. Alianza na asilimia 5. Kwa simulizi yake aliyoitoa mwaka 2020, simu ilikaa kimya kwanza, kisha ofisa aliyekuwa upande wa pili akamweleza kuwa kwao mambo hayaendi hivyo. Akashuka hadi 2. Akashuka tena hadi 1. Mwishowe akafika nusu ya asilimia, na hata hiyo akaambiwa itabidi ipelekwe kwa wakubwa.

Hapo kwenye nusu ndipo mimi huwa nakwama. Maana yake ni kwamba katika kila dola 200, moja iwe ya aliyeiandika hadithi, na 199 ziende zinakokwenda. Muuza dagaa akishakupimia kopo lako, nyongeza anayokutupia juu inazidi hapo. Sasa kama ni kidogo kiasi hicho, kwa nini kiwe kizito kutoa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu hakikuwa suala la fedha. Mwenye nusu ya asilimia ni mwenye mali, na asiye nayo ni kibarua aliyelipwa vizuri. Ukimpa mmoja leo, kesho mlango utajaa wengine wenye ombi hilohilo.

Netflix nao wana hoja, tena nzito. Wanalipa gharama zote mapema, wanabeba hasara ikitokea tamthilia imedoda, na mwandishi anaondoka na chake mfukoni hata kama hakuna aliyeitazama. Wanakupeleka dunia nzima kwa siku moja. Kwa anayedaiwa kodi ya nyumba, fedha iliyopo mkononi ina thamani kuliko mrabaha wa kubahatisha. Phoebe Waller-Bridge, mwandishi na mwigizaji mwenzake wa Uingereza ambaye naye alianza na mchezo wa mtu mmoja jukwaani, alisaini na Amazon mwaka 2019 mkataba ulioripotiwa kuwa wa takribani dola milioni 20 kwa mwaka, na sioni sababu ya kumlaumu.

Ila linganisha na utaratibu wa nyumbani kwao. Tangu sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003, vituo vikubwa vya televisheni vya Uingereza vinaponunua kipindi kwa watayarishaji binafsi, kwa kawaida vinanunua haki ya kukirusha, na umiliki unabaki kwa aliyekitengeneza. Anaweza kukiuza tena nchi nyingine. Kwa hiyo Coel hakuwa anaota mchana. Aliomba chembe ya kitu ambacho katika soko alilokulia ni cha kawaida, na kweli alipokwenda BBC akapewa vyote: haki zake, kauli ya mwisho kwenye hadithi, na kiti kwenye meza ya uzalishaji.

Tena hadithi yenyewe haikuwa ya kubuni hewani. Agosti 2018, akihutubia watu wa televisheni mjini Edinburgh, alieleza kwamba aliwekewa dawa na kushambuliwa kingono katika kipindi alichokuwa anaandika msimu wa pili wa Chewing Gum, tamthilia yake ya awali. I May Destroy You ilitoka humo. Kumwambia mtu wa namna hiyo auze kila kitu, asibaki na hata moja katika mia mbili, kunahitaji moyo mgumu kidogo.

Na hali ya kusema maneno ya wengine anaijua. Mwaka huohuo wa 2018 alionekana kwenye tamthilia ya Black Earth Rising akiwa Kate, manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda aliyelelewa Uingereza. Kazi nzuri, naye aliibeba vizuri. Lakini aliyeandika na kuongoza ni Hugo Blick, Mwingereza mzungu, na sehemu za Rwanda zilirekodiwa Ghana. Mwigizaji hata awe hodari vipi, hana la kusema kwenye maamuzi kama hayo. Nadhani ndiyo maana tangu akiwa Guildhall, chuo cha sanaa, alijiandikia mwenyewe mchezo wa kuhitimu. Mchezo huo ulipanda jukwaa dogo la Hackney Wick, mashariki mwa London, mwaka 2012, ukafika National Theatre, jumba kubwa la maigizo jijini humo, mwaka 2014, ukawa ile Chewing Gum kwenye kituo cha televisheni cha E4 mwaka 2015, na mwaka uliofuata ukamletea BAFTA mbili, tuzo kubwa za televisheni za Uingereza.

BAFTA hizo ndizo zinazonizuia nisishangilie kupita kiasi. Alipokataa milioni alikuwa tayari na jina na mlango wa pili wa kubisha. Anayeanza leo hana BBC inayomsubiri, na kumwambia "usiuze" ni kumgawia ushauri usiolika. Halafu njia yake ni ya taratibu mno. I May Destroy You ina vipindi 12 na ilipitia rasimu 191, zote kwa mkono wake. Mwaka 2021 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya uandishi wa tamthilia fupi. Tangu ilipotoka mwaka 2020 tumemwona zaidi kwenye kazi za wenzake, filamu ya Wakanda Forever ikiwamo, na aliyetaka kumtazama kila mwaka ameambulia kusubiri.

Kuna kipande kimoja cha ile simu ambacho wanaomwita mwenye kiburi huwa hawakitaji. Baada ya kusema kwamba suala litapelekwa juu, yule ofisa wa Netflix alinyamaza kidogo. Kisha, kwa simulizi ya Coel, akamwita kwa jina na kumwambia kwamba anajivunia anachokifanya, na kwamba yuko sahihi.